Vifaranga wakiharisha damu, sakafu ndiyo ya kwanza kuulizwa

Ilikuwa Aprili, mvua ya masika imepiga Kibaha usiku kucha. Asubuhi nafungua banda la vifaranga wangu wa wiki ya 4, chotara 300, nakuta saba wamejikunyata kwenye kona, mabawa yamening'inia, macho nusu yamefumba. Juu ya maranda kulikuwa na madoa mekundu, utadhani mzee fulani amepita akitema tambuu.

Nikakimbilia duka la dawa za mifugo. Nikauziwa unga wa njano wa antibayotiki, na pakiti ya vitamini ya kuchanganya humo humo. Dawa niliyoihitaji ilikuwa rafu ya pili, ila mimi sikujua kuiomba na muuzaji hakuniuliza swali hata moja. Kufikia Jumapili nilikuwa nimezika 41. Sakafu sikuigusa wiki nzima, na ndiko tatizo lilikokuwa.

Haya ninayoandika ndiyo ningependa mtu anieleze kabla ya asubuhi ile.

Kwanza, ujue unapambana na nini

Kitaalamu ugonjwa huu unaitwa koksidiosi. Wafugaji wengi tunasema kuhara damu. Hausababishwi na virusi wala bakteria. Ni kimelea cha seli moja, Eimeria, kinachojificha ndani ya ukuta wa utumbo na kuutoboatoboa. Aina za Eimeria za kuku zilizozoeleka ni 7, na kila aina ina mtaa wake tumboni. Eimeria tenella, yenye damu nyingi, hukaa kwenye utumbo kipofu, yaani ile mifuko miwili mirefu iliyo mwishoni mwa matumbo. Eimeria necatrix hushambulia katikati ya utumbo mwembamba. Eimeria acervulina hukaa mwanzoni mwa utumbo na mara nyingi haitoi damu kabisa. Kuku anadumaa tu, anakula chakula chako na hakui, nawe unamlaumu aliyekutengenezea chakula.

Za kuku ni za kuku. Haziendi kwa bata, kwa mbuzi, wala kwa mtoto anayechezea bandani, ingawa mtoto anawe mikono kwa sababu nyingine nyingi.

Sasa sikiliza mzunguko wake, maana hatua zote zinazofuata zinatoka hapa. Kuku mwenye kimelea hunya vijiyai vidogo mno: vipange kama 50 kwa mstari ndipo vifikie milimita 1. Kijiyai kinapotoka kwenye kinyesi bado ni kibichi. Kifaranga akikimeza kikiwa bado hivyo, hakimfanyi kitu. Ili kiive kinahitaji hewa, joto na unyevu, na kwa joto la nyuzi 25 hadi 30 kinaiva kwa siku 1 au 2. Kikishaiva na kumezwa, kinapasuka tumboni, vimelea vinaingia kwenye seli za utumbo na kuzaana humo. Kwa tenella, damu huonekana siku ya 4 au ya 5, na karibu siku ya 6 au 7 kifaranga anaanza kumwaga vijiyai vipya. Kijiyai kimoja kilichoiva kinaweza kutoa vingine laki kadhaa.

Hewa huwezi kuizuia. Joto la Pwani huwezi, na vifaranga wenyewe wanalihitaji. Unyevu peke yake ndio uko mikononi mwako.

Hatua ya 1: hakikisha ni yenyewe

Angalia umri. Kifaranga wa siku 5 anayeharisha ana shida nyingine. Kimelea hakijapata muda wa kumaliza mzunguko. Tenella hupenda wiki ya 3 hadi ya 6. Necatrix huchelewa, na hukuta mitetea ya wiki ya 9 na kuendelea, wakati mfugaji ameshajisahau.

Angalia kinyesi, lakini usikurupuke. Kuku mzima, mara moja kwa kila choo kadhaa, hutoa kinyesi laini cha kahawia iliyokolea, kinanata na kunuka kuliko kawaida. Hicho ndicho choo cha utumbo kipofu na ni cha afya. Nimeona watu wakikimbilia dawa kwa ajili yake. Ukitaka uhakika, tandaza salfeti safi au boksi lililokunjuliwa mahali wanapolala, ulisome asubuhi. Damu huwa nyekundu au yenye mabonge, imechanganyika na ute. Ute wa rangi ya chungwa unaojirudia kwa kuku wengi nao ni wa kutiliwa shaka.

Angalia kuku mwenyewe: upanga na miguu vimepauka, manyoya yamesimama, analia kwa sauti nyembamba kama anayesikia baridi hata karibu na jiko.

Kisha pasua mmoja. Chagua aliyekufa saa chache zilizopita, kwa sababu aliyelala usiku kucha kwenye joto ameshaharibika na atakudanganya. Vaa glavu, mlaze chali, kata ngozi ya tumbo, nyanyua kidari. Fuata utumbo kutoka kwenye firigisi kwenda chini mpaka ukute ile mifuko miwili. Kwa kifaranga mzima ni myembamba, rangi ya kijivu au kijani iliyofifia. Kwa mwenye tenella imevimba kama soseji ndogo, rangi ya damu ya mzee inaonekana kabla hujaipasua, na ukiipasua damu inamwagika. Akichelewa kufa siku moja mbili, ndani utakuta bonge gumu la damu na ute, kama maziwa mgando yaliyotiwa damu. Ukiona hivyo huna haja ya kubahatisha tena. Kama mifuko ni safi, angalia utumbo wa katikati: umejaa gesi, na kwa nje una vitone vyeupe na vyekundu? Basi fikiria necatrix.

Gumboro, ugonjwa mwingine wa kuku unaoletwa na virusi, huja umri huo huo, na hapo ndipo watu wengi hupotea. Lakini Gumboro hutoa kinyesi cheupe cha majimaji, na ukichuna ngozi ya mapaja mara nyingi unakuta michirizi ya damu kwenye nyama. Kideri, au mdondo, huleta kinyesi cha kijani, kukoroma, na shingo kupinda kwa wanaobaki. Na magonjwa huja pamoja: Gumboro ikishavunja kinga ya kifaranga, koksidiosi hupata njia nyeupe. Ukishindwa kuelewa unachokiona, mpeleke kuku mmoja aliyekufa sasa hivi na mmoja mgonjwa aliye hai kwa daktari wa mifugo wa wilaya, au kwenye maabara ya Wakala wa Maabara ya Veterinari kama iko karibu. Ya Temeke inawafaa wa Dar es Salaam na Pwani. Darubini huviona vijiyai ndani ya dakika chache.

Hatua ya 2: siku ya kwanza, maji kabla ya yote

Kuku mgonjwa huacha kula lakini huendelea kunywa. Kwa hiyo dawa inapita kwenye maji. Ondoa maji mengine yote bandani, hata lile beseni la bata lililo mlangoni. Tibu kundi zima, maana wale wanaorukaruka leo wamemeza kile kile walichomeza wenzao, wamepishana siku tu.

Dawa inayopatikana karibu kila duka ni amproliamu. Nyingi ni unga wa asilimia 20. Kipimo cha tiba ni kati ya asilimia 0.012 na 0.024 ya dawa halisi kwenye maji, ambayo kwa unga huo ni gramu 0.6 hadi 1.2 kwa lita 1, kwa siku 3 hadi 5. Mlipuko ukiwa mkali nenda kipimo cha juu. Baadaye unashuka mpaka gramu 0.3 kwa lita kwa wiki 1 hadi 2. Soma lebo yako kwanza, kwa sababu kuna za asilimia nyingine na hesabu yote hubadilika.

Usipime kwa kijiko cha chai, kila nyumba ina kijiko chake. Tumia mizani ndogo ya jikoni. Na usikisie maji: pima waliyokunywa jana. Wangu 300 walikuwa wakimaliza lita 24 kwa siku, kwa hiyo kipimo cha juu kingekuwa 24 mara 1.2, gramu 28.8. Changanya kila asubuhi upya, mwaga ya jana. Chombo kisiwe juani.

Ipo pia toltrazurili, ya majimaji, kwa kawaida asilimia 2.5. Hiyo ni mililita 1 kwa lita 1 ya maji kwa siku 2 mfululizo, mchana na usiku, basi. Ni ghali zaidi, lakini inafika hatua nyingi za kimelea ndani ya utumbo, na kwa kundi linalokufa kwa kasi mimi ndiyo ninayoinunua. Haifai kabisa kwa kuku wanaotaga mayai ya kuliwa. Na broila wa wiki ya 4 uliyempa, usipange kumuuza wiki ya 5. Lebo hutaja zaidi ya wiki 2 kabla ya kuchinja.

Dawa za salfa bado zinauzwa sana. Zinafanya kazi, ila zina makali: kuku akinywa maji mengi siku ya joto anameza dawa kupita kiasi, figo zinaumia na damu inashindwa kuganda. Ukizitumia fuata ratiba ya lebo ya siku za dawa na siku za mapumziko, neno kwa neno.

Vile vifaranga hoi vitoe pembeni, vipate joto na maji yao vyenyewe. Sivitoi kwa sababu vitaambukiza, vimeshaambukiza. Navitoa visikanyagwe na kudonolewa, maana kuku wenzake wakiona damu nyuma hawana huruma.

Hatua ya 3: usiue dawa yako mwenyewe

Hapa nivumilie kidogo. Amproliamu inafanana na vitamini B1. Kimelea kinaimeza kikidhani kimepata vitamini, kinakosa B1 ya kweli, kinakufa njaa. Ukitia kwenye ndoo ile ile unga wa vitamini wenye kundi B, umekiwekea kimelea sahani ya chakula pembeni ya sumu. Subiri umalize siku za kipimo kikubwa, ndipo utoe vitamini. Vitamini A na K, peke yake, unaweza kuzitoa wakati wa tiba. K husaidia damu kuganda, A husaidia utumbo kupona.

Antibayotiki kama oksitetrasaiklini haigusi Eimeria. Daktari anaweza kuiongeza pale bakteria wanapovamia utumbo uliochubuka, na hilo hutokea kweli, lakini ikiwa peke yake ni pesa imekwenda na maji. Mshubiri, kitunguu saumu na majivu? Wape kama unapenda, baada. Kifaranga anayetoka damu leo hana wiki ya kusubiri mshubiri.

Hatua ya 4: sakafu, mchana huo huo

Dawa ikishaingia kwenye vyombo, chukua koleo na viroba. Usisubiri kesho: vijiyai vilivyodondoka asubuhi hii ndivyo vitakavyoiva kesho na keshokutwa. Toa maranda yote yaliyolowa, hasa chini ya vyombo vya maji na kwenye kona wanakolala. Kusanya kwenye viroba, funga, peleka mbali na banda. Mwaga makavu, kina cha vidole vinne hivi. Kama unaweza kutoa yote, toa yote.

Kisha tafuta maji yanatoka wapi. Kwangu yalitoka sehemu tatu. Bati lilikuwa na tundu la msumari. Vyombo vya maji vilikaa chini kabisa, vifaranga wakivikanyaga na kuvipindua. Na la tatu ndilo sikulitegemea: nilikuwa nimefunga turubai pande zote kuzuia baridi ya mvua, juu mpaka chini, na mvuke wa kuku 300 na jiko la mkaa ukakosa pa kutokea. Ukuta ulikuwa unatoa jasho. Funga chini, kimo cha vifaranga. Juu acha wazi hewa ipite. Harufu ya mkojo ikikuwasha macho unapoinama, ujue hewa haitoki, na moshi wa mkaa nao uko humo humo.

Vyombo vya maji vinyanyue mpaka mdomo wa chombo ulingane na mgongo wa kuku, na uendelee kunyanyua kila wiki wanavyokua. Chini yake weka fremu ya mbao iliyowambwa waya wa kuku, juu ya kokoto: wananywa wamesimama kwenye waya, matone yanaanguka wasikoweza kudonoa. Fremu yangu niligonga kwa vipande vya mbao vilivyobaki kwenye paa, nusu saa, na ndiyo kitu kilichobadilisha banda langu kuliko dawa yoyote. Chakula nacho kiwe kwenye chombo. Ukikimwaga sakafuni unawaalika wadonoe kinyesi.

Kila asubuhi geuza maranda kwa reki, kisha jaribu kwa mkono. Okota konzi chini ya chombo cha maji, minya, achia. Yakimomonyoka taratibu, sawa. Yakibaki bonge kama la ugali, yametosha kuivisha vijiyai, yatoe. Yakipeperuka vumbi ni makavu mno, kifua kitawasumbua, lakini hilo ni tatizo dogo kuliko lile.

Na msongamano. Broila wakubwa 10 kwa mita 1 ya mraba ni kiasi. Ukiwapanga 15 hakuna maranda yatakayokauka hata kiangazi.

Hatua ya 5: kabla ya vifaranga wengine

Ganda la kijiyai ni gumu. Dawa nyingi za kuulia vijidudu, zikiwamo za klorini, hazipenyi. Kinachokiua ni joto linalopita nyuzi 55, ukavu wa muda mrefu na gesi ya amonia. Amonia ya asilimia 10 watu huitumia kwenye mashamba makubwa, ila inaunguza macho na kifua, na ikikutana na klorini inatoa gesi ya sumu. Kwa banda la uani siishauri.

Toa kila kitu. Kwangua, piga maji, acha ikauke. Sakafu ya saruji imwagie maji yanayochemka, eneo kwa eneo, au pitisha moto wa gesi ukianzia kwenye nyufa, uangalie mbao zako. Sakafu ya udongo kwangua tabaka la juu, tandaza udongo mkavu, shindilia. Fungua banda jua liingie, lipumzike wiki 2 au 3. Maranda ya zamani yalundike na kuyafunika; yakichacha vizuri katikati hupata moto wa kutosha, halafu yaende kwenye migomba, siyo kwenye uwanja wa vifaranga.

Kama fedha ipo, banda la kichanja, kinyesi kikapita chini, linamaliza sehemu kubwa ya shida hii.

Hatua ya 6: kinga, na kwa nini hutaki banda tasa

Huwezi kufuga chini ukakosa Eimeria kabisa, na usijaribu. Kifaranga anayemeza vijiyai vichache, mara mbili tatu, hujenga kinga. Anayemeza maelfu siku moja hufa. Sakafu kavu ndiyo inayoamua atameza vingapi. Kinga hiyo ni ya aina moja moja: aliyepona tenella hana ulinzi wa kutegemea dhidi ya necatrix. Ndiyo maana kundi linaweza kuugua wiki ya 4 na tena wiki ya 11, nawe ukaapa kwamba dawa ilikuwa feki.

Chakula cha kuanzia cha viwandani mara nyingi huwa na dawa ya kuzuia koksidia, yaani hivi vimelea vya Eimeria. Uliza, soma mfuko. Wanaochanganya chakula nyumbani wengi hawana habari kwamba kitu hicho kilikuwamo. Ikiwa ni monensini au salinomaisini, mambo mawili. Usiwape kuku hao tiamulini, dawa ya mafua, kwa kuwa zikikutana zinaua kuku. Na mifuko isikae anapofika punda: monensini kidogo tu yasimamisha moyo wake. Bata mzinga nao wasile chakula hicho.

Chanjo ipo, ya vijiyai hai, hutolewa siku za kwanza kwa maji, chakula au kunyunyizwa. Inawafaa wa mayai na wazazi wanaoishi muda mrefu. Ukichanja, chakula kisiwe na dawa ya koksidia, maana utaiua chanjo yako.

Ukiwa na kuku wa rika tofauti, hudumia wadogo kwanza, wakubwa mwisho. Wakubwa wana kinga na hawaugui, lakini bado wanaweza kunya vijiyai. Mimi nina gambuti mbili. Za banda la vifaranga zimepigwa rangi nyeupe kwenye kisigino, na haziruhusiwi kuvuka uwanja hata kama mvua inanyesha.